Kushuka Grand Canyon mwezi wa saba: joto la Tanga linatosha kuwa mazoezi?

Kijana_Chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Katikati ya Julai natarajia kuwa Arizona, Marekani, wiki mbili, kwa ndugu walioko Phoenix. Nataka kushuka lile korongo la Grand Canyon kwa miguu hadi Mto Colorado na kurudi juu siku hiyo hiyo. Kwenye ramani naona njia ya South Kaibab ni kilomita 11 kushuka, halafu kurudi kwa Bright Angel ni kilomita 15 na ushee. Usambara naipanda vizuri, na joto la Tanga nimezaliwa nalo. Je, Julai inawezekana? Kama haiwezekani, mwezi gani ni mzuri? Maji nibebe kiasi gani, na viatu vya namna gani? Tiketi sijakata bado.

Mbondei_wa_Muheza

Mkuu, shukuru hujakata tiketi. Hadi mtoni na kurudi siku moja, tena Julai, usifanye. Hifadhi yenyewe inaonya watu wasijaribu safari hiyo, hasa kuanzia Mei hadi Septemba.

Ukingo wa kusini uko kama mita 2,100 juu ya bahari, na mto uko mita 750 hivi. Kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyopanda. Julai, wastani wa joto la mchana pale ukingoni ni nyuzi 29, yaani kama hapa Tanga mwezi huo huo. Chini mtoni ni nyuzi 41. Mtu anaamka juu, anaona hali ya hewa ni ya kwao, anashuka kwa furaha.

Mlima ukikushinda unageuza, na kila hatua inakurudisha kwenye nafuu. Korongo ni kinyume chake. Nusu nyepesi inatangulia, na ukishachoka ndipo mlima unapoanza: mita 1,300 na zaidi za kupanda, jua la utosini, na mwamba ubavuni unaotema joto kama ukuta wa tanuri la mikate. Piga hesabu hivi: muda wa kupanda ni mara mbili ya muda wa kushuka. Ukishuka kwa saa mbili, weka saa nne za kurudi.

Na hilo joto la Tanga lisikudanganye. Kwanza, Julai kwetu kusi inavuma, ni kipupwe. Mwili uliozoea joto la kaskazi mwezi wa pili umeshalisahau, maana mazoea ya joto hupungua ndani ya wiki chache. Pili, joto letu lina unyevu. Hapa jasho linakuchuruzika mgongoni, unajua kabisa kwamba unapoteza maji. Kule hewa ni kavu, inalinyonya kabla hujaliona. Shati liko kavu, lakini pitisha kidole shingoni, utakuta chumvi imeganda kama unga. Wengi hudhani hawatoki jasho, kwa hiyo hawanywi.

Ukilazimika kwenda Julai, ishia Cedar Ridge kwenye South Kaibab: kilomita 2.4, mteremko wa mita 350. Anza safari saa kumi na moja na nusu alfajiri, na saa nne asubuhi uwe umesharudi juu. Kuanzia saa nne hadi saa kumi jioni usitembee juani humo bondeni. Njia hiyo haina tone la maji, na kivuli ni cha kutafuta. Gari binafsi haliruhusiwi kufika mwanzo wa njia, kwa hiyo ulizia mapema basi la kwanza la hifadhi linaondoka saa ngapi.

Mama_Raskazone

Kaka, niongeze kwenye maji, maana hapo watu huumia kwa njia mbili na wanaijua moja tu.

Kiangazi, hesabu nusu lita hadi lita moja kwa kila saa ya kutembea. Lita moja ni kilo moja mgongoni, kwa hiyo safari ya saa nne ni kilo nne kabla hujaweka kitu kingine. Kunywa kidogo kidogo, usingoje kiu. Lakini usipite lita moja na nusu kwa saa, na usinywe maji matupu kutwa nzima bila chumvi. Jasho linatoa chumvi, wewe unarudisha maji tu, damu inazimuka. Dalili zake zinafanana na za kuishiwa maji: kichwa kinauma, kichefuchefu, mwili hauna nguvu. Cha kutazama ni mkojo na vidole. Mkojo ukiwa mchache na wa rangi ya chai, umekosa maji. Ukiwa mwingi na mweupe pe, huku pete inabana kidole, umezidisha. Hapo acha kunywa, kaa kivulini, kula cha chumvi. Mtu akianza kuongea visivyoeleweka au kupepesuka, hiyo ni dharura: mvue mzigo, mloweshe mwili mzima, mpepee, na msaada uitwe hapo hapo. Usitegemee simu yako humo bondeni, sehemu kubwa haina mtandao.

Beba pakiti nne au tano za ORS kutoka duka la dawa la hapa hapa, kila moja ichanganywe kwenye lita moja. Na karanga au korosho za chumvi. Vitu vitamu peke yake havisaidii.

Chukua na kikoi cha pamba. Kiloweshe, kizungushe shingoni na kichwani. Tanga kikoi kibichi kinabaki kibichi na kukupa fukuto. Kule kinakauka baada ya dakika chache, na kukauka huko ndiko kunakokupoza. Kila ukifika kwenye bomba, lowesha tena.

Mto Colorado usijaribu kuogelea. Maji yake yanatoka kwenye kina cha bwawa la Glen Canyon, ni baridi ya kukata pumzi, na mkondo una nguvu.

Mzee_Pongwe

Mwanangu, uliuliza mwezi. Oktoba. Juu ukingoni mchana ni nyuzi 18, chini mtoni 29. Aprili inakaribiana nayo, ila usiku huko juu unafika sifuri na theluji bado inaweza kukukuta.

Januari kuna uzuri wake, nyuzi 13 chini mtoni, lakini njia za ukingo wa kusini zinatazama kaskazini, jua la baridi haliingii. Theluji ikikanyagwa na watu inakuwa barafu ngumu kama kioo kwenye zile kona za juu za Bright Angel, na inakaa wiki nyingi. Bila vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu, hapapitiki kwa usalama. Wakati huo pia baadhi ya mabomba ya njiani hufungwa yasipasuke kwa kuganda. Bomba la Havasupai Gardens, kwenye njia hiyo hiyo, kilomita 7.2 kutoka juu, ndilo linalotegemewa mwaka mzima, lakini bomba kuu linalolisha bonde lote ni kuukuu na hupasuka mara kwa mara. Soma tangazo la siku hiyo, na ubebe vidonge vya kutibu maji.

Jambo jingine wanalosahau watu wa huku kwetu: urefu wa siku. Tanga jua linazama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. Kule Juni linazama kama saa mbili kasorobo usiku, na Desemba ni saa kumi na moja na robo jioni. Tochi ya kichwani iwe mkobani hata kwa matembezi ya asubuhi.

Julai na Agosti zina balaa la pili, mvua za mchana. Ndugu zako wakikupeleka kwenye yale makorongo membamba, sikiliza. Wewe umepita barabara ya Mombo kwenda Same, umeona makorongo yanayoshusha maji ya milimani huku bondeni jua linawaka. Ndivyo ilivyo. Tarehe 12 Agosti 1997, Antelope Canyon, watalii 11 walikufa kwa maji ya mvua iliyonyesha kilomita nyingi kutoka pale. Mwamba haunywi maji, majani ya kuyazuia hakuna, nafasi kati ya kuta ni upana wa mikono miwili. Utabiri uulizie wa eneo lote la juu, usitazame mbingu iliyo kichwani mwako. Maji yakigeuka tope ghafla, vijiti vikianza kuelea, au ukisikia mvumo, panda juu ulipo. Usikimbizane na maji kuelekea chini.

Fundi_Ngamiani

Viatu. Kushuka kunaua kucha za vidole gumba, kwa sababu mguu unateleza mbele na kugonga ncha ya kiatu kila hatua. Chukua nusu saizi zaidi, kata kucha siku mbili kabla, na kabla ya kushuka kaza kamba ya juu kwenye kifundo hadi kisigino kisisogee.

Ukinunua buti za mtumba, kagua soli. Povu lililo kati ya soli na ngozi huoza taratibu, na unyevu wa pwani unaliharakisha. Likunje kwa nguvu, kisha bonyeza kwa kucha ya gumba. Likitoa ufa au unga, kiache, soli itabaki njiani.

Mazoezi: usianze kwa kupanda. Lala Lushoto, asubuhi shuka kutoka Irente kuelekea Mazinde ukiwa na mwenyeji anayezijua njia, halafu urudi juu mchana huo huo. Paja la mbele litakuambia kama uko tayari.

Kijana_Chumbageni

Asanteni sana. Shikamoo mzee wangu. Nahamishia Oktoba, na nitalala chini usiku mmoja. Nasikia njiani kuna misafara ya nyumbu, wanapishwa vipi?

Mbondei_wa_Muheza

Kulala chini kwenye hema ni lazima uwe na kibali. Omba mapema, miezi kadhaa kabla. Kwenda na kurudi mchana hakuhitaji kibali.

Nyumbu ni wale wa punda na farasi, si wa Serengeti. Simama upande wa ukuta, kamwe si upande wa bonde. Fanya kama anavyokuelekeza kiongozi wa msafara, nyamaza, usitikise mkoba, na usirudi njiani mpaka wa mwisho awe amekupita mita 15.

Mzee_Pongwe

Marahaba mwanangu. Na kibali kikitoka, kichape kwenye karatasi. Betri ya simu huisha upesi usiku wa baridi.