Eti "hivyo vichoro ni mapambo"! Nina hasira mpaka natetemeka

Kipima_Joto:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mtu wetu, simtaji, mnamjua wenyewe, ameniulia sweta. Sweta la sufu tupu, nililonunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Jana nimeliweka kwenye kapu letu la wote la nguo za kufua, leo nalikuta kwenye kamba linaning'inia kama soksi ya mtoto mchanga. Paka akilivaa litambana kwapani!

Nikamwuliza kwa upole kabisa, hukuona lebo? Akalitwaa, akaligeuza ndani nje, akaitazama ile lebo pale ubavuni, akasema: "Hivyo vichoro? Mimi nilijua ni mapambo."

Mapambo!

Nani anapamba nguo kwa ndani, kwenye mshono wa ubavu, mahali ambapo hata aliyeivaa haoni? Lebo ina beseni lenye mkono ndani yake. Maana yake fua kwa mkono, na maji yasizidi nyuzijoto 40. Mkono umechorwa kabisa! Mtoto wa chekechea anaujua mkono. Yeye kalitumbukiza kwenye mashine pamoja na mashuka, 60, kisha kalihamishia kwenye mashine ya kukaushia, wakati mraba wenye duara ndani umepigwa X kubwa. Sufu ina vigamba vidogo kama vya samaki. Ikipata joto na msukosuko kwenye maji, vigamba vinang'ang'aniana, na vikishashikana haviachii. Nimelivuta nusu saa nzima, mabega yananiuma, limekaa gumu kama zulia.

Naye amesimama palepale ananitazama. Mapambo. Hata "pole" hakusema.

Huyu mtu tunamfanyaje?

Bi_Kamba:
Si ndiye huyo huyo wa taulo jekundu? Aliyageuza mashuka ya watu yakawa ya waridi, akasema "yamechangamka". Niliwaambia zamani asisogee karibu na kapu, mkanibishia.

Mzee_wa_Pasi:
Pole sana mkuu. Kwangu balaa ni pasi. Ile pasi ya kwenye lebo ikiwa na nukta moja, mwisho nyuzi 110. Mbili 150, tatu 200. Blauzi ya nailoni, nukta moja, mtu kaiwekea moto wa kitani! Nusu ya mgongo ilibaki imegandia kwenye pasi, blauzi ikapata dirisha.

Ngumi_Baridi:
Mtu mzima unalilia sweta? Kama ni la thamani hivyo ungelifua mwenyewe. Unatupia kwenye kapu la wote halafu unakuja kutulilia sisi.

Kipima_Joto:
@Ngumi_Baridi kapu si hukumu ya kifo! Lebo ilikuwepo. Ina mkono. MKONO. Mtu anautazama mkono uliomo kwenye beseni, ananiambia mapambo!

Herufi_P:
Wengi humu hata lile duara lenye P hamlijui. Hapo si pa kuegesha gari. Ni ujumbe kwa dobi, unamwambia dawa za aina gani anaruhusiwa kusafishia nguo bila maji. Duara lenye W, dobi aifue kwa maji, lakini kitaalamu. Pembetatu ni mambo ya jiki. Ukiona ina mistari miwili ya mshazari ndani, klorini usiiguse, tumia dawa ya oksijeni. Alama hizi zina wenyewe, GINETEX, chama kilichoanzishwa Paris mwaka 1963. Mtu amekuwa na miaka zaidi ya 60 ya kujifunza.

Ngumi_Baridi:
Sasa nikienda kufua nibebe kamusi?

Shingo_Nyekundu:
Mnazitetea lebo na zenyewe ndizo adui. Nina shati lina lebo tano zimeshonwa kama kitabu, zinawasha shingo kama upupu. Mimi nakata zote siku ya kwanza.

Bi_Kamba:
Ndiyo maana nguo zako zote zimepauka. Kata ya shingoni, ya ubavuni iache.

Shingo_Nyekundu:
Ukikata kinabaki kile kipande kigumu, kinachoma mara mbili. Dawa ni kufumua mshono taratibu kwa ncha ya wembe.

Mzee_wa_Pasi:
Nilifumua hivyo hivyo nikatoboa kola.

Kipima_Joto:
Jamani turudi kwenye sweta! Mtu wenu kapita hapa sasa hivi, kalishika tena, kauliza kama anaweza kulifanya tambara la kufutia vumbi. Kwanza mapambo, sasa tambara!!

Vibanio_Sita:
Mkiwa hapo hapo, nani huyo anayeazima vibanio vya nguo harudishi? Nilikuwa na 24, nimebaki na sita, na vitatu vimelegea.

Bi_Kamba:
Vibanio! Usinikumbushe. Na wale wanaoacha nguo zao ndani ya mashine tangu usiku, asubuhi zinanuka uvundo, ukizitoa wanakununia wiki nzima!

Ngumi_Baridi:
@Vibanio_Sita vya mbao au vya plastiki?

Vibanio_Sita:
Vya mbao. Vya plastiki jua likivipiga vinakatika.

Mzee_wa_Pasi:
Vya mbao waya wake unashika kutu, unaacha doa begani. Nina mashati mawili meupe yameharibika hivyo hivyo.

Shingo_Nyekundu:
Shati unalibania begani? Shati linabaniwa pindoni, mzee!