Naomba ushauri: mtoto anapewa madini chuma lakini damu haipandi

Wakuu, mtoto ana miezi 18, Hb (hemoglobini, kipimo cha wingi wa damu) 7.2, MCV (ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu) 61, chembe nyekundu milioni 3.6. MCV ukiigawa kwa 3.6 unapata 17. Ikizidi 13 inaelekea zaidi upungufu wa chuma kuliko thalasemia (ugonjwa wa kurithi ambapo mwili hutengeneza hemoglobini pungufu). Malaria hana, sikoseli hana, choo hakina mayai ya safura.

Amepewa chuma miligramu 3 kwa kila kilo kwa siku, wiki 4. Hb imepanda 0.3 tu, wakati ilitarajiwa angalau 1. Kumbe dawa anapewa na chai ya maziwa, ambayo huzuia chuma kufyonzwa! Feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini) 40, ila CRP (kipimo cha uvimbe au maambukizi) iko juu, na maambukizi huipandisha feritini, kwa hiyo siiamini.

Nirekebishe kwanza unywaji wa dawa, au nipime aina za hemoglobini sasa? Nahofia upungufu wa chuma utashusha HbA2 (aina ya hemoglobini ambayo ikiwa juu huashiria thalasemia) na kuficha thalasemia.