Fildi ya usafiri safi Dar: mabasi, baiskeli au bodaboda za umeme?

Mtoto_wa_Mabibo: Wakubwa shikamooni. Nipo mwaka wa pili, nasoma mambo ya usafirishaji, fildi (mafunzo ya vitendo kazini) ni wiki nane. Nimekubaliwa sehemu tatu: ofisi inayohusika na mabasi ya mwendokasi (hawatoi hata mia), chama cha waendesha baiskeli kinachozunguka mitaani na mashuleni (nauli tu), na kampuni changa ya bodaboda za umeme inayotaka vijana wa kuhamasisha vijiweni (posho ipo). Ingekuwa wewe ungeenda wapi?

Cheni_Kavu: Mabasi, hakuna mjadala. Mwendokasi ilianza Mei 2016, na tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018 ikaja Dar, jiji la kwanza Afrika kuipata. Wasifu ukiwa na kitu hicho hauwekwi pembeni.

Dada_Ramani: Jina zuri, kazi je? Mimi fildi nilifanya ofisi kubwa, sitaji jina. Msimamizi wa chuo alipokuja kunikagua, nilichokuwa nakijua kuliko wote pale ni mashine ya kutolea kopi.

Nenda baiskeli. Barabara ya Morogoro ilijengewa njia za baiskeli pembeni ya mwendokasi, kazi yako ni kuona nani anazitumia. Simama Magomeni saa moja asubuhi na karatasi yako, kila baiskeli kijistari kimoja. Tenganisha wanawake, wanafunzi, wenye mizigo. Muuza mikate na yule wa magunia ya mkaa waandike peke yao, maana wao baiskeli ndiyo ofisi. Andika pia pikipiki iliyopaki katikati ya njia na meza ya matunda iliyomfanya mtu ashuke asukume. Hapo ukienda kuongea na wazazi shuleni una la kusema, siyo "baiskeli ni afya" halafu basi.

Kijiwe_Goba: Mdogo wangu, mimi ni dereva boda. Hao wa umeme walishakuja kwetu na fulana na spika, wanatuambia mafuta ni ghali. Kwani nani anayanunua kama si sisi? Wengi hapa tuna pikipiki za mkataba: unapeleka hesabu, yaani hela mliyokubaliana, kwa bosi mpaka muda uishe ndipo chombo kiwe chako. Aina ya pikipiki anachagua bosi, na yeye kijiweni hakai. Halafu betri ikiniishia Bunju usiku na abiria mgongoni, nabadilishia wapi? Njoo na jibu la hilo, fulana baadaye.

Wa_Olkaria: Huku Nairobi vituo vya kubadilisha betri viko, mtu anatoa iliyoisha anaweka iliyojaa anaenda zake. Na stima yetu nyingi ni ya mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hivyo ukisema ni safi husemi uongo. Lakini uliza kitu kimoja kabla hujasaini: hiyo posho ni ya kila siku ama ni ya kila dereva utakayemsajili? Ikiwa ya pili, hiyo ni kazi ya mauzo, si atachimenti. Na nani atakusainia kitabu cha kazi, mhandisi ama mtu wa matangazo?

Cheni_Kavu: Mbona gesi hamjaitaja? Bajaji kibao zimefungwa mitungi, tatizo foleni ya kujaza.

Dada_Ramani: Gesi fungua uzi wako 😀

Mtoto_wa_Mabibo: Nimepiga simu kampuni. Posho ni kwa kila dereva anayesaini, na msimamizi ni wa mauzo. Nimewaambia asante.

Chama cha baiskeli wamekubali hesabu ya Magomeni iwe ndiyo ripoti yangu, ila kwa upande wa shule nipitie kwanza serikali ya mtaa nikachukue barua. Ofisi ya mabasi nitaomba mwaka wa tatu. Kaka wa Goba, hayo ya mkataba na bosi nayataka kwenye ripoti pia, naweza kuja kukuhoji?

Kijiwe_Goba: Njoo mchana, saa nane hivi. Asubuhi tunatafuta hesabu.