Endotoksini iko juu na mamangu yuko ICU, ni infeksheni mpya?

mtoto_wa_Umoja: Wadau naomba msaada hasa mnaofanya kazi hospitali. Mamangu alifanyiwa operesheni Jumapili usiku, utumbo ulikuwa umetoboka, na tangu hapo yuko ICU kwa mashine ya kupumua. Leo daktari amepita mbio akasema endotoksini iko juu kwa damu akaenda, mimi nikabaki kwa korido nimeshika leso yake sijui hata niulize nini. Ameshikwa na ingine huko ndani ama ni ile ya tumbo? Na mbona anapewa antibiotiki toka siku ya kwanza na sumu bado iko?

Sista_wa_Zamu: Pole sana ndugu yangu. Endotoksini ni kipande cha ukuta wa nje wa bakteria wa gram-negativu, lile kundi la akina E. coli na Klebsiella, na kundi hilo linaishi kwa utumbo wa kila mtu. Bakteria akikufa ukuta unavunjika sumu inaachiliwa, kwa hivyo dawa inaweza kuwa inafanya kazi na bado sumu ionekane. Halafu utumbo ukikosa damu ya kutosha, presha ikishuka mgonjwa akiwa theatre, unavuja, sumu inapita hata kama bakteria wenyewe hawajafika kwa damu. Kipimo kinasema yuko kwa hatari, hakisemi ameshikwa na ingine. Uliza kalcha ya damu (kuotesha damu maabara waone kama kuna bakteria) ilichukuliwa lini. Ukiingia angalia mfuko wa mkojo na ushike vidole vya miguu kama ni baridi, hivyo ndivyo sisi huangalia kwanza kujua kama damu inafika vizuri mwilini.

fundi_maabara: Naongezea tu, kama wametumia kile kipimo cha endotoksini kwa damu nzima, chini ya 0.40 ni ndogo, 0.60 kwenda juu ni kubwa, so itisha namba. Kalcha ndio itataja bakteria na dawa ya kumuua. Na tafadhali kabla muanze harambee ya mashine ya kuchuja sumu: waliijaribu Marekani na Kanada kwa wagonjwa 450, majibu yakatoka 2018, haikupunguza vifo ndani ya siku 28.

mtoto_wa_Umoja: Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeuliza. Ni 0.52, kalcha ilitumwa jana. Vidole vina joto. Mfuko ulikuwa na mkojo kidogo tu asubuhi, saa hii umefika nusu.