Zahanati haina maji: tuandamane au tupeleke petisheni?

mkazi_wadi: Hamjambo. Wakazi wa wadi yetu (Kenya) wanataka kuandamana hadi ofisi za kaunti, zahanati haina maji. Kituo cha polisi wameambiwa watafute kibali kwanza. Kinatolewa wapi? Na maandamano yataleta maji kweli?

Mwanasheria_K: Hakuna kibali. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinawapa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Kinachotakiwa, chini ya sehemu ya 5 ya Sheria ya Utulivu wa Umma, ni taarifa ya maandishi kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi), si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14 kabla. Iwe na jina kamili na makazi ya mwandalizi, tarehe, njia mtakayopita na muda, kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Sababu ya kukataa ni moja tu: wengine wametangulia kutoa taarifa ya mahali na wakati huohuo. Wengi hukwama kwa sababu walienda kusema kwa mdomo.

bajeti_ya_mwananchi: Maji yatatoka kwenye bajeti, ndugu. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Mkiandamana Julai, pesa zimeshagawanywa. Nendeni Agosti, na petisheni mkononi ya kumkabidhi karani wa bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawaruhusu. Msiandike "huduma bora." Andikeni "kaunti itenge fedha za tangi la lita 10,000 na bomba la kulijaza." Kila karatasi ya saini ibebe ombi hilo juu kabisa, la sivyo mtu atadai watu walitia saini jambo jingine. Jina, nambari ya kitambulisho, saini au kidole gumba.

Fuatilia: Naongezea, na hili msiliruke: kwanza ombeni habari kwa maandishi, Kiswahili kinakubalika. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki hiyo, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ulizeni zahanati ilitengewa kiasi gani, kimetumika kipi, mkandarasi ni nani. Huenda tangi hilo limeandikwa kwamba lilishajengwa. Hapo petisheni inabadilika: mnadai uchunguzi, si fedha mpya. Wakinyamaza, pelekeni lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.