Mjadala: Watoto wa hoki ya barafu tunawapanga madaraja kwa kipaji au kwa mwezi wa kuzaliwa?

Mleta mada

Wadau, nakuja na msimamo, si swali tupu. Kuwapanga watoto wa miaka tisa au kumi katika madaraja, huyu AAA (daraja la juu kabisa), yule A, yule abaki ligi ya ndani ya klabu, ni mapema mno. Tunachokiita kipaji katika umri huo mara nyingi ni mwili uliotangulia kukua.

Kwa asiyeufahamu utaratibu: Kanada ina marika ya U7 (yaani chini ya miaka 7), U9, U11, U13, U15 na U18. Marekani wana 8U, 10U, 12U na kuendelea. Kote huko kinachohesabiwa ni mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo mtoto wa tarehe 2 Januari na wa tarehe 30 Desemba ya mwaka uleule huandikishwa kama marika sawa. Rika likiwa la miaka miwili, pengo linaweza kukaribia miezi 24. Kabla ya msimu yanafanyika majaribio ya siku chache, makocha wanakaa jukwaani na karatasi zao, kisha majina yanatoka.

Tangu 1985 tunajua matokeo yake. Mwaka huo mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba katika hoki ya Kanada wachezaji waliozaliwa miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno kuliko wale wa miezi mitatu ya mwisho. Kinachoniuma zaidi ni yanayofuata baada ya majina kutoka. Mtoto wa Januari anapewa kocha mwenye uzoefu, muda mwingi barafuni, wapinzani wakali na wenzake wanaojua kumpa pasi. Wa Novemba anapata nafasi zilizobaki kwenye ratiba. Wakifika miaka kumi na nne, wa Januari ni bora kweli, na hakuna anayekumbuka kwamba pengo hilo tulilijenga sisi wenyewe.

Kosa hilo hulipiwa hadi juu kabisa. Mwaka 2013 mtafiti Robert Deaner na wenzake walichambua Wakanada walioteuliwa kati ya 1980 na 2006 na timu za NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, ambako timu huchagua chipukizi kwa zamu. Waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka waliteuliwa nyuma zaidi ya walivyostahili, ukitazama mechi walizokuja kucheza na pointi walizokuja kupata. Yaani hata wasaka vipaji wanaolipwa kwa kazi hiyo hawakuiona thamani yao.

Pendekezo langu: kusiwe na madaraja ya kudumu kabla ya miaka 13. Karibuni tujadili.

Kocha wa U11

Mkuu, takwimu sizipingi. Ila umeandika kama mtu aliyeona karatasi kuliko barafu. Hoki si soka. Kwenye soka, mtoto asiyejua chochote bado anaweza kukimbia na kuufikia mpira. Huku asiyejua kuteleza haufikii mchezo kabisa. Ukichanganya watoto wote, wawili wanaikamata paki (kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira), waliobaki wanawafukuza, na yule anayejifunza kusimama anamaliza mechi nzima bila kuigusa. Nimewaona watoto wa namna hiyo wakiacha, na hawakuacha kwa sababu ya kupangwa daraja la chini. Walipopelekwa kucheza na wa uwezo wao ndipo walipofunga bao la kwanza.

Na wale wazuri nao ni watoto. Wayne Gretzky, gwiji wa hoki, alikuwa na miaka sita alipoanza kucheza na wa miaka kumi. Ungemwambia asubiri mpaka 13?

Mleta mada

Kocha, hoja ya kuteleza ni nzito na naikubali. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kuwagawa watoto kwa uwezo ndani ya mazoezi, makundi yakibadilika kila baada ya wiki chache, sina shida nako. Ninachopinga ni timu inayofungwa Septemba, yenye jezi yake, kocha wake na ratiba yake, na mtoto hatoki wala haingii humo hadi mwaka kesho. Huyo wa kwako aliyefunga bao la kwanza daraja la chini, akiimarika Desemba, anapanda kwa mlango upi?

Kuhusu paki kuguswa na wawili tu, Kanada na Marekani zimeshaanza kujibu hilo kwa kuwachezesha wadogo kwenye sehemu ya uwanja badala ya uwanja mzima. Nafasi ikiwa ndogo, paki humfikia kila mtoto.

Gretzky ni wa tarehe 26 Januari, lakini sitaki kuliegemea hilo, maana mtoto wa aina yake huonekana kwa utaratibu wowote. Mimi nawaza walio katikati, ambao kati ya kuchaguliwa na kuachwa kuna alama mbili kwenye karatasi ya kocha.

Mzazi

Naomba niseme na mimi. Wangu ni wa Novemba. Aliachwa akiwa na miaka tisa, na mwaka uliofuata hakutaka kwenda majaribio, akaniambia wale wameshajulikana. Kocha, kwa heshima zote, mtoto wa umri huo hajui kwamba daraja B ni mahali pa kujifunzia. Anachojua ni kwamba rafiki zake wamechukuliwa na yeye hapana.

Halafu tuseme ukweli kuhusu fedha. Daraja la juu lina ada kubwa, safari ndefu na hoteli za wikiendi. Kwa hiyo mchujo wa miaka tisa unafuata mwezi wa kuzaliwa na pia mfuko wa mzazi.

Mchangiaji mwingine

Kwa nini tusisogeze tu tarehe ya kukata umri?

Mleta mada

Ndugu, ukiisogeza unabadilisha wa kuumia, basi. Kila tarehe ina mtu wake wa upande wa pili. Ili uteuliwe NHL mwaka fulani, lazima uwe umefikisha miaka 18 ifikapo 15 Septemba. John Tavares, nyota wa NHL, alizaliwa 20 Septemba 1990, akasubiri hadi 2009. Kwa mtu wa kiwango chake ulikuwa mwaka mmoja tu. Kwa mtoto wa U11 ndiyo njia nzima.

Kocha wa U11

Sawa, lakini nani atawaambia wazazi wa wale kumi na watano wa juu kwamba timu yao haipo tena? Watahamia klabu jirani wiki hiyohiyo. Klabu moja ikiacha madaraja peke yake inakufa.

Mleta mada

Hapo umegusa penyewe, na ndiyo maana uamuzi lazima utoke juu. Imewahi kufanyika. Kugonga mpinzani kwa mwili kuliondolewa kwa watoto wa Marekani wa 12U kuanzia msimu wa 2011–12, Kanada wakafuata 2013–14. Wapo waliosema watoto hawatajua kujilinda wakikua. Kanuni ikapita kwa wote, na hapakuwa na klabu jirani ya kukimbilia. Norway, tangu 1987, ina kanuni za michezo ya watoto wote. Leo mtoto wa huko haingii kwenye msimamo wa ligi kabla ya mwaka anaofikisha miaka 11, wala mashindano ya ubingwa wa taifa kabla ya 13.

Kocha wa U11

Norway wanatamba kwenye skii, si hoki. Usinipe mfano huo.

Mleta mada

Hoja hiyo naipokea. Basi nikupe jambo dogo unaloweza kulifanya majaribio yajayo bila kusubiri shirikisho. Mwaka 2017 watafiti David Mann na Pleun van Ginneken waliwajaribu wasaka vipaji wa soka. Walipopewa tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi, waliendelea kuwapendelea wakubwa. Walipoambiwa kwamba namba za jezi zimepangwa kwa umri, upendeleo ule ukaondoka. Wapange watoto wako hivyo, namba 1 awe mkubwa kuliko wote, na wenzako wa jukwaani wajue. Kisha acha nafasi mbili au tatu wazi hadi Desemba. Uko tayari?

Kocha wa U11

Namba za jezi nitafanya. Nafasi za Desemba siwezi kuahidi kabla sijaongea na klabu, kwa sababu ada zinalipwa mwanzo wa msimu na aliyelipa hatakubali kushushwa.

Mzazi

Asishushwe mtu. Aongezwe.