Likizo ya siku 9: magazeti ya zamani au safari, nipate kisa kipya?

Kalamu_Kavu: Wakuu, nina likizo ya siku 9 na uwezo wa kufanya jambo moja tu. Ama nikae maktaba nipekue magazeti ya zamani, ama nipande basi niende nisikojulikana nikasikilize watu. Tangu nimalize mswada wa mwisho, kila ninachoanza kinanifia ukurasa wa pili. Mliopitia hali hii, njia ipi inalipa?

Bi_Aya: Unaandika nini? Riwaya, hadithi fupi, mashairi? Una tarehe ya kukabidhi? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Mpekuzi: Magazeti. Mwandishi Mmarekani Truman Capote alianzia kitabu chake kwenye habari fupi ya gazeti la New York Times, Novemba 1959, familia ya watu wanne iliyouawa Kansas. Mimi kurasa za mbele naziruka, nasoma matangazo madogo. Juzi nimekuta mtu anatafuta cherehani yake iliyoibwa: atakayeirudisha hataulizwa kitu. Nimeshaandika kurasa 12 juu ya mtu huyo.

Mguu_Njiani: Capote hakuishia kwenye gazeti, alifunga safari hadi Kansas. Tembea, mkuu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2014 ulikuta wanaotembea wanatoa mawazo mapya mengi zaidi, hata wakiwa kwenye mashine ya kutembelea mbele ya ukuta mtupu.

Bi_Aya: Na maswali yenye jibu moja yaliwashinda kidogo. Tembea upate mawazo kumi, kisha kaa chini uchague.

Sauti_ya_Usiku: Kuhusu kusikiliza watu, nina la kusema. Shangazi alinisimulia siku aliyomngoja mchumba asiyetokea. Nikaandika. Nikabadilisha jina, mji, hata kazi yake. Ila alipokuwa akisimulia alikuwa akifungua na kufunga kifungo cha mkono wa blauzi, nacho nikakiacha vilevile kwa sababu kilikuwa kizuri mno. Hadithi ikachapishwa, binamu akamsomea. Hakunigombeza. Tangu hapo nikienda tunazungumzia mvua na jua, basi. Mwaka wa tatu huu. Ningemwomba ruhusa kwanza.

Mpekuzi: Pole sana dada. Ndiyo maana nang'ang'ania karatasi.

Mguu_Njiani: Wa kwenye gazeti nao wana watoto na wajukuu.

Mpekuzi: Tukienda hivyo hakuna atakayeandika. Mimi nachukua hali, simchukui mtu.

Sauti_ya_Usiku: Kile kifungo kilikuwa hali au mtu?

Kalamu_Kavu: Samahani nimechelewa. Ni hadithi fupi, tarehe ya kukabidhi sina. Mnaosikiliza watu, mnarekodi kwa simu au mnaandika?

Bi_Aya: Daftari. Simu ikiwa mezani mtu hubadilisha sauti. Ukishaagana naye, andika maneno yake machache kama yalivyomtoka.

Mguu_Njiani: Simu, ila uombe. Daftari langu lililowa, wiki mbili zikapotea.

Kalamu_Kavu: Dada Sauti, shangazi anajua kwamba unajuta?

Sauti_ya_Usiku: Bado. Kila mara nafika nimejiandaa, akishanipokea mkoba nanyamaza.